Bruda ya Gesi Inazimika Usiku? Anzia Kwenye Mtungi, Malizia Kwenye Moto



Tukiingia miezi ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, simu za usiku kutoka kwa wafugaji wa kuku huwa zinafanana: "Afisa, bruda imezimika na haitaki kuwaka." Nikiuliza swali la pili, mara nyingi nakuta mtu ameshaifungua bruda yote, screw ziko sakafuni, vifaranga wanalia, na shida yenyewe haikuwa kwenye bruda kabisa.

Somo la leo ni kuhusu bruda ya gesi, hasa ile ya zamani au uliyonunua ikiwa imeshatumika. Vijana wengi tunaanza na vifaa vya mitumba kwa sababu mtaji ni mdogo, na hilo si kosa. Bruda ya miaka kumi inaweza kulea vifaranga vizuri tu. Kinachotakiwa ni kuijua inavyofanya kazi, ili siku ikigoma ujue pa kuanzia.

Kwa nini jambo hili ni zito? Kifaranga wa siku za mwanzo hana manyoya ya kumkinga wala hawezi kutunza joto la mwili wake mwenyewe. Siku ya kwanza anahitaji nyuzi joto 32 hadi 34 pale alipo, kisha unashusha nyuzi 2 hadi 3 kila wiki. Moto ukizimika saa nane usiku na wewe ukaamka saa kumi na mbili asubuhi, utakuta wamelaliana kwenye kona, wa chini wamekosa hewa wamekufa, na waliobaki wamepigwa baridi. Hao waliobaki ndio wanaokula hasara yako polepole: wanadumaa, wanaharisha, na siku ya kuuza wanapishana uzito.

Kabla ya kushika spana, okoa vifaranga

Ukiingia bandani ukakuta bruda imezimika, fanya haya kwa mpangilio huu:

1. Nusa hewa kabla ya kuwasha chochote. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka chini na kutulia kwenye maranda na kwenye kona, kwa hiyo inama unuse karibu na sakafu. Ukisikia harufu, usiwashe kiberiti wala swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, subiri harufu iishe kabisa.

2. Punguza eneo. Sogeza mduara wa vifaranga uwe mdogo ili wapate joto la wenzao, lakini usiwabane hadi wakalaliana. Watawanye kwa mkono kila baada ya muda.

3. Weka madumu ya maji ya moto. Jaza dumu la lita 5 au 10, funga mfuniko vizuri, livishe gunia au kitambaa, liweke katikati ya mduara. Vifaranga watalizunguka. Madumu matatu au manne yanakupa muda wa kutafuta tatizo bila kukimbizwa. Badilisha maji yakianza kupoa.

Watu wengi hukimbilia jiko la mkaa. Hilo nitalizungumzia mbele, maana linaweza kuua vifaranga na likakuua na wewe.

Ijue njia ya gesi

Gesi inasafiri kwa njia moja tu: inatoka kwenye mtungi, inapita kwenye regyuleta (kile kichwa kinachofungwa juu ya mtungi), inaingia kwenye mpira, inafika kwenye vali ya usalama ya bruda, inapita kwenye jeti (tundu dogo sana la kupimia gesi), inachanganyika na hewa, kisha inawaka kwenye kichomeo.

Kanuni ya kutafuta tatizo ni kufuata njia hiyo hiyo, hatua kwa hatua, ukianzia mwanzo. Na kila unapobadilisha kitu, badilisha kimoja tu halafu jaribu. Ukibadilisha regyuleta, mpira na jeti kwa pamoja, hata bruda ikiwaka hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na mwezi ujao utanunua vyote tena.

Hatua ya 1: Mtungi

Swali la kwanza: gesi ipo? Usikisie kwa kutikisa. Pima kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe; toa uzito huo kwenye uzito ulioupata, kinachobaki ndicho gesi. Bruda ya kilowati 5 ikiwaka kwa nguvu zote hutumia takriban gramu 400 kwa saa. Kwa hiyo ukiwa na kilo 5 za gesi saa kumi na mbili jioni, unagusa saa kumi na mbili na nusu asubuhi tu, na hiyo ni hesabu ya karatasi. Usiku wa namna hiyo mtungi wa akiba uwe tayari pembeni.

Swali la pili ndilo linalowachanganya wengi: gesi ipo, lakini moto unanyong'onyea usiku na asubuhi jua likitoka unawaka vizuri. Hapa wengi wanailaumu bruda. Kumbe tatizo ni baridi ya mtungi.

Iko hivi. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika. Ili igeuke kuwa mvuke wa kuwaka inahitaji joto, na joto hilo inalichukua kutoka kwenye chuma cha mtungi na hewa inayouzunguka. Ukivuta gesi nyingi kwa haraka kutoka kwenye mtungi mdogo, mtungi unapoa kuliko hewa ya nje. Ukiugusa utakuta umelowa, na wakati mwingine una barafu nyembamba sehemu ya chini. Halafu kumbuka gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani inachemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini butani inaishia karibu na sifuri. Propani ndiyo inayotangulia kuisha, na kinachobaki chini kwa wingi ni butani, ambayo kwenye baridi ni mvivu. Ndiyo maana nusu ya mwisho ya mtungi inasumbua zaidi, hasa kwa wenzetu wa Njombe, Makete na Mafinga.

Dawa yake:

- Usiendeshe bruda kubwa kwa mtungi wa kilo 6. Tumia wa kilo 15 au wa kilo 38, au unganisha mitungi miwili kwa kiungio maalumu ili kila mmoja utoe kidogo kidogo.
- Weka mtungi nje ya chumba cha vifaranga, umesimama wima, mahali pasipopigwa na upepo wa baridi. Usiulaze, kwa sababu ukilazwa gesi inatoka ikiwa kimiminika, na hiyo ni hatari.
- Usiupashe moto kwa jiko wala kwa maji yanayochemka.
- Usiuvike blanketi. Mtungi hauna joto lake wa kulitunza. Unategemea joto la hewa, na blanketi linalizuia.

Hatua ya 2: Regyuleta

Soma kibandiko cha bruda kinachoonyesha presha inayotakiwa, kisha soma regyuleta. Regyuleta ya jikoni hutoa presha ndogo, karibu milibari 30. Bruda nyingine zimetengenezwa kwa presha hiyo, nyingine zinataka kubwa zaidi. Ukiweka ndogo kwenye bruda inayotaka kubwa, kichomeo kinakuwa chekundu hafifu na upepo kidogo tu unazima. Ukiweka kubwa kwenye bruda inayotaka ndogo, moto unaruka juu ya kichomeo na unaweza kuharibu vali.

Kwenye bruda ya mtumba kibandiko kinaweza kuwa kimefutika. Usijaribu kwa kubahatisha. Mpelekee fundi wa gesi aipime kwa kipimo cha presha kabla hujaleta vifaranga.

Angalia pia kitundu kidogo cha kupumulia kilichopo kwenye regyuleta. Vumbi au wadudu wakikiziba, presha haitulii. Ukiona moto unapanda na kushuka wenyewe na mtungi una gesi ya kutosha, regyuleta ndiyo mshukiwa. Hiki kifaa hakifunguliwi kutengenezwa. Kikichoka, nunua kingine.

Jambo moja dogo: fungua mtungi polepole. Kuna regyuleta zenye kinga inayojifunga gesi ikitoka ghafla, zikidhani mpira umekatika. Ikitokea hivyo, funga, subiri dakika moja, fungua tena taratibu.

Hatua ya 3: Mpira wa gesi

Banda la kuku lina panya, na panya wanatafuna mpira. Upitishe mkono mpira wote kutoka mwanzo hadi mwisho ukitafuta alama za meno, mipasuko na sehemu zilizopinda. Kisha chukua maji yenye povu la sabuni, paka kwenye mpira, kwenye viungio na kwenye shingo ya mtungi gesi ikiwa imefunguliwa. Povu likitoa mapovu yanayokua, hapo panavuja. Usitafute uvujaji kwa kiberiti hata siku moja.

Usiunge mpira uliopasuka kwa mpira wa baiskeli au gundi ya karatasi. Badilisha wote. Tumia mpira wenye maandishi ya gesi na ufungwe kwa vibano vya chuma pande zote mbili.

Mpira wa siku nyingi unaweza pia kukusanya mafuta mazito ndani. Uchomoe ukiwa umefunga mtungi, uinamishe. Yakitoka mafuta, yanaweza kuwa yameshafika kwenye jeti.

Hatua ya 4: Vali ya usalama

Dalili yake ni hii: unabonyeza kitufe, unawasha, moto unashika vizuri, ukiachia kitufe unazimika. Hapo gesi na presha vipo. Anayegoma ni mlinzi.

Mlinzi huyo anaitwa themokapo. Ni kijiti cha chuma ambacho ncha yake inakaa ndani ya moto. Ndani yake kuna metali mbili tofauti zilizounganishwa. Zikipata joto zinazalisha umeme kidogo sana, milivolti chache tu, lakini unatosha kushikilia sumaku inayoweka vali wazi. Moto ukizimika, ncha inapoa, umeme unakata, vali inajifunga na gesi haitoki tena. Ni kifaa kidogo ambacho kinalinda banda lako lote.

Ikiwa haishikilii, angalia kwa mpangilio huu:

- Umeshikilia kitufe muda wa kutosha? Hesabu sekunde 30 kabla ya kuachia. Kwenye baridi ncha inachelewa kupata moto.
- Ncha iko ndani ya moto? Kwenye bruda iliyobebwa bebwa, ncha hupinda ikakaa pembeni. Irudishe taratibu.
- Ina masizi? Funga gesi, acha ipoe, isugue kidogo kwa msasa laini.
- Nati inayoiunganisha na vali imelegea? Kaza kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana. Usikaze kwa nguvu.
- Bado? Badilisha themokapo. Ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na kundi moja la vifaranga. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi ili upate yenye urefu na nati sawa.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Kuna mchezo nimeuona kwenye mabanda zaidi ya moja: themokapo ikifa, mtu anafunga kile kitufe kwa waya au kwa gundi ya karatasi ili kibaki kimebonyea muda wote. Bruda inawaka, mfugaji anafurahi, anasema fundi hana lolote. Lakini amemfunga mlinzi mikono. Siku upepo ukipuliza moto ukazimika, gesi itaendelea kutoka usiku kucha, itajaa kwenye maranda, na wewe utaingia asubuhi na tochi, simu au sigara. Hapo hatuzungumzii vifaranga tena. Ukinunua bruda ya mtumba na ukakuta waya kwenye kitufe, toa waya huo kabla hujalipa, kisha iwashe mbele ya muuzaji.

Hatua ya 5: Jeti, hewa na kichomeo

Kuku ni vumbi: maranda, manyoya, unga wa chakula. Yote hayo yanavutwa na bruda pamoja na hewa. Bruda yenye kichujio cha vumbi isafishwe kila siku wakati wa kulea. Isiyo na kichujio, angalia tundu la kuingizia hewa. Buibui wanapenda sana kutaga humo bruda ikiwa stoo.

Moto wenyewe utakuambia:

- Kichomeo cha kauri au cha wavu kikiwa na rangi ya chungwa sawasawa pande zote, kiko vizuri. Kichomeo cha moto wa wazi kiwe cha bluu.
- Moto mrefu wa njano na masizi: hewa haitoshi, tundu la hewa limeziba vumbi.
- Mabaka meusi yasiyowaka kwenye kauri: matundu yameziba au presha ni ndogo.
- Moto unapiga "pu!" na kurudi ndani: presha ni ndogo au kauri imepasuka. Kauri iliyopasuka haizibwi, inabadilishwa.
- Moto dhaifu ilhali mtungi, regyuleta na mpira vyote ni vizima: jeti imeziba.

Kabla ya kusafisha funga gesi kwenye mtungi na uache bruda ipoe. Kauri na wavu vipulizie hewa kavu au tumia brashi laini, usitumie maji. Jeti ifungue, iloweke kwenye spiriti, ipulize. Usiichokonoe kwa sindano wala waya. Tundu lile limepimwa. Ukilipanua kidogo tu, gesi inazidi hewa, na moto wako utakuwa wa njano milele. Ikishindikana, nunua jeti yenye namba ile ile.

Usizibe banda ukaita ni joto

Gesi ikiungua vibaya, na mkaa ukiungua kwa kawaida yake, vinatoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kwa vifaranga utaona wanasinzia mchana, hawali, wengine wanahema. Mfugaji anadhani ni ugonjwa anakimbilia antibiotiki. Kwa mtu inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Ukiumwa kichwa ukiwa bandani na ukitoka nje kinapungua, usitafute dawa ya kichwa. Fungua madirisha na uikague bruda.

Kwa hiyo acha nafasi ya hewa juu ya ukuta hata usiku wa baridi. Zuia upepo wa chini unaowapiga vifaranga moja kwa moja, lakini hewa chafu iwe na pa kutokea. Usilale ndani ya chumba cha kulelea vifaranga. Na kama huna njia nyingine zaidi ya mkaa, washia nje hadi ukolee bila moshi, na hata hapo chumba kiwe na hewa inayopita. Mkaa uliokolea hauna moshi, ila hewa ya sumu bado ipo.

Soma vifaranga, halafu soma bruda

Wakati mwingine bruda ni nzima na kosa ni mahali ilipowekwa. Vifaranga wakijikusanya chini yake, wanahisi baridi. Wakikimbilia pembezoni mwa mduara huku wamefungua midomo, joto limezidi. Wakijazana upande mmoja, kuna upepo unaoingia upande wa pili. Wakitawanyika sawasawa, wengine wakila na wengine wamelala, hapo umepatia. Kipimajoto kiweke kwenye usawa wa mgongo wa kifaranga. Cha ukutani kinakudanganya. Njia nyingine rahisi: gusisha miguu ya kifaranga kwenye shavu lako. Ikiwa ya baridi, naye ana baridi.

Kazi ya kufanya kabla ya kundi lijalo

Siku mbili kabla vifaranga hawajafika, washa bruda saa 24 mfululizo, usiku ukiwemo. Pima mtungi kabla na baada, andika kwenye daftari imekula kilo ngapi. Hiyo ndiyo namba yako ya kupangia bajeti ya gesi. Kisha jaribu mlinzi: bruda ikiwa imewaka vizuri, funga gesi kwenye mtungi, moto ukizimika sikiliza. Ndani ya dakika moja hivi unapaswa kusikia "tak" ndogo ya vali ikijifunga. Usipoisikia, usilete vifaranga hadi fundi aikague.

Weka stoo themokapo moja, regyuleta moja, mpira na vibano, na mtungi wa akiba uliojaa. Duka la vifaa halifunguliwi saa nane usiku.

Kazi njema, na tukutane kwenye somo lijalo.